Cherehani Iliyokaa kwa Serikali

Mimi hakuna kitu kingenishangaza. Nilikuwa nalisema hilo wazi, asubuhi nikifungua mlango wa masijala na tena saa nne nikinywa chai, na hakuna aliyenibishia, kwa sababu ndani ya hicho chumba kulikuwa na kila kitu ambacho mwanadamu anaweza kumfanyia mwenzake, kimefungwa kamba na kupewa nambari. Miaka ishirini na sita nimekuwa mtu wa faili katika ofisi ya mawakili wa serikali hapa Eldoret. Kesi za jinai ukuta huu. Kesi za madai, zile za watu kuishtaki serikali, ukuta ule. Katikati, mimi.

Nimestaafu juzi, kwa hiari, nikiwa na miaka hamsini na mbili na magoti bado mazuri. Nyinyi vijana mliobaki mmeniomba niwaachie maandishi. Vyeo sitavitaja, na mshahara mnaujua. Nitawaandikia vile kazi yenyewe inafanywa, halafu nitawaandikia kesi ya cherehani, ambayo mmesikia nusu yake kwa watu ambao hawakuwepo.

Nimesoma mpaka darasa la sita. Sisemi hivyo kwa aibu, nasema ndio mjue nilianzia wapi. Nilitoka kwetu Magharibi kuja kuvuna mahindi ya watu huku Uasin Gishu, mahindi yakaisha, nikapata kazi ya kufagia ofisi. Siku ya kwanza kabisa nilisukuma kabati ili nifagie nyuma, jambo ambalo aliyenitangulia hakuwahi kufanya, maana vumbi lilikuwa limekomaa. Nikaokota karatasi moja yenye mhuri. Wengine wangeitupa. Mimi nikaisoma juu, nikaona nambari, nikaenda nayo kwa Mzee Barasa, ambaye ndiye alikuwa bwana wa masijala wakati huo.

Akaitazama, akanitazama. "Umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Umeelewa?"

"Nimeelewa nambari, Mzee."

"Nambari ndio kazi," akasema. "Hayo mengine ni ya mawakili."

Kumbe kesi fulani ilikuwa imeahirishwa mara tatu kwa kukosa hiyo karatasi. Kabla ya mwaka kuisha, ufagio ulikuwa na mtu mwingine, na mimi nilikuwa na dawati.

Mzee Barasa alikuwa mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye ndiye alinifundisha kila kitu mnachoniona nacho. Faili hushikwa mgongoni, haivutwi kwa sikio. Kamba hufungwa fundo la kuvuta, sio fundo la mbuzi, kwa sababu wakili aliyechelewa atakata kamba na pamoja na kamba atakata ukurasa. Faili ikipotea usitafute faili, tafuta mtu aliyeishika mwisho, na umtafute kwa upole. Na samansi, ile karatasi ya kumwita shahidi kortini, haipelekwi na mtu aliyesimama. "Fika, keti," alikuwa anasema. "Uliza mvua. Kunywa chochote utakachopewa. Karatasi itoke mwisho. Ukitoa karatasi kwanza, utapewa jibu la karatasi."

Nilipeleka samansi kutoka Chepkoilel mpaka mahali ambapo hata jina la njia hakuna, na sijui shahidi hata mmoja niliyemkosa. Kuna wanaosema hiyo ni majigambo. Waende wakasome daftari.

Nilikuwa na ugonjwa mmoja tu, wa kutaka kujua. Mawakili husoma faili wajue wataishinda vipi. Mimi nilisoma nijue imekuwaje. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeishtaki serikali kwa barabara iliyokata shamba lake. Kila siku ya kesi alikuja na nguzo moja ya ua wake, ameibeba begani, akaisimamisha ukutani akimngoja hakimu. Hakuna aliyemwambia ailete. Nilipomuuliza akasema, "Watasema hapakuwa na ua." Alishinda. Nguzo akaiacha, na ndiyo mnatumia kuzuia mlango.

Kulikuwa pia na ng'ombe wa wizi aliyekuwa kielelezo, yaani ushahidi wa kuonyeshwa kortini. Kesi ilivyojivuta, ng'ombe akazaa. Mawakili wawili waliosoma walisimama uani wakibishana kama ndama ni kielelezo au ni mali. Nikawaambia: ndama hakuibiwa, kwa hivyo hawezi kuwa kielelezo, lakini mama yake hawezi kukamuliwa bila yeye, kwa hivyo mpeni nambari ya mama yake na mkia. Akaandikwa hivyo. Nambari saba, na saba A.

Baada ya vitu kama hivyo ndio nikaanza kusema hakuna kitakachonishangaza.

Halafu uchaguzi wa mwishoni mwa elfu mbili na saba ukaja, na fujo zake. Sitaandika niliyoyaona barabarani, kila mtu wa hapa ana yake. Nitaandika niliyoyaona mezani. Ofisi ilipofunguliwa tena, watu walikuja na orodha za vitu vyao vilivyochomwa au kuibwa. Zilitakiwa kupelekwa polisi, lakini watu wengine waliona neno serikali mlangoni wakaingia. Orodha ziliandikwa kwa karatasi za daftari, nyuma ya kalenda, moja kwa mfuko wa unga. Nilizipanga zote na kuzipeleka panapotakiwa, na kabla ya kuzipeleka nilizisoma. Niligundua kitu ambacho sijasikia wakili akikisema: mtu haanzi na kitu cha bei kubwa. Anaanza na kile anachokitafuta kwa mikono akiamka. Mmoja alianza na mlango. Mwingine alianza na picha ya harusi, akamalizia na ng'ombe sita.

Orodha moja ya kutoka Yamumbi ilianza hivi: cherehani ya mkono, nyeusi, ina alama ya msalaba chini nilichora na msumari. Ilikuwa ya mwanamke mshonaji anayeitwa Mama Kamau. Huo msalaba ulinikaa kichwani.

Ilipita miaka minne. Polisi walikuwa wanatafuta pampu ya maji iliyoibwa, wakapekua ghala la mahindi la mzee mmoja hapo Yamumbi, Mzee Kirwa. Pampu hawakuiona. Waliona gunia la katani, na ndani ya gunia cherehani nyeusi ya mkono. Wakaipindua. Msalaba. Mzee akashtakiwa kwa kupatikana na mali ya wizi, ambayo ukipatikana nayo na huna maelezo, unaenda jela miaka ya kutosha kusahau njia ya kwako.

Hakuwa na maelezo. Akakana shtaka, akanyamaza.

Stoo ya polisi wakati huo ilikuwa imejaa, na nikajitolea. Naandika wazi kwamba nilijitolea, hakuna aliyenisukuma. Nikasema leteni hiyo cherehani masijala, hapa kwangu hakuna kitu hupotea. Ikaletwa imejaa mafuta. Niligusa gurudumu kwa kidole kimoja, likazunguka lenyewe bila sauti, likaendelea kuzunguka hata nilipotoa kidole. Hapo ndipo ningefaa kujiuliza. Sikujiuliza. Niliona tu kwamba mafuta yanachafua kibandiko cha nambari. Kwa hivyo nikachukua kitambaa na maji ya sabuni, nikaiosha mpaka ikang'aa, kwa sababu nilitaka ikitolewa mbele ya hakimu watu waone serikali inaweka vitu namna gani. Nikaifunga kwa karatasi ya nailoni mara tatu, nikakaza kwa kamba, fundo la kuvuta. Nikaiweka rafu ya tatu.

Wakili wa serikali aliyeshika kesi alikuwa Madam Adhiambo, mwanamke mrefu asiyependa hadithi. Kesi ilitajwa mara ya kwanza, hakimu akamuuliza mshtakiwa kama ana la kusema. Mzee Kirwa akasimama, kofia mkononi.

"Naomba mashine ipakwe mafuta."

Korti ilicheka. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Madam na faili zake, na kusema ukweli mimi nilicheka kuliko wote. Hakimu akasema ombi hilo halijulikani kisheria. Mwezi uliofuata, swali lile lile, jibu lile lile. "Naomba mashine ipakwe mafuta." Mwezi wa tatu, askari wa korti alikuwa anamwita Mzee Mafuta. Yeye alikuwa nje kwa dhamana, kila kutajwa anakuja na miguu kutoka Yamumbi, anasema neno lake, anarudi kwake.

Mara ya sita nilimkuta kwenye benchi la nje akisubiri. Nikaketi. Niliuliza mvua.

"Inanyesha," akasema. "Umeipaka?"

"Mzee, kielelezo hakiguswi. Hiyo ni sheria." Nilisema hivyo mimi mwenyewe niliyeiosha na sabuni. "Lakini niambie kitu. Unaogopa mashine kuliko jela?"

"Jela ninaenda mimi. Mashine haijakosea mtu."

"Uliiba?"

Akanitazama. "Wewe andika kwamba umeuliza," akasema, na akaitwa ndani.

Siku hiyo niliporudi nilifungua faili yake tena. Mwizi wa vitu vya fujo huuza kwa wiki ya kwanza. Nimesoma faili zao mamia, najua. Huyu alikaa na mashine miaka minne katika gunia la katani ambalo linapumua, haijashona hata kiraka, na gurudumu linazunguka kwa kidole. Nani huiba kitu ili akitunze? Nikamwambia Madam Adhiambo.

"Wafula," akasema bila kuinua kichwa, "kesi ina mali, ina alama na ina ghala. Inakosa mlalamishi tu. Niletee mlalamishi."

Mama Kamau alikuwa amehama. Namba ya simu katika orodha ilikuwa ya mtu mwingine, ambaye alinitukana vizuri. Nilifuata kanisa lake la zamani, kanisa likanipeleka kwa dada wa kwaya huko Kimumu, huyo dada akanipa jina la senta moja ndogo ya biashara upande wa Nakuru, mahali watu wengi waliohama walipewa viwanja. Nikaenda na samansi mfukoni.

Nilimkuta nje ya nyumba ya mabati, anashona sare ya shule kwa mkono, kwa sindano. Mwanamke mwembamba, anavuta uzi kwa meno. Nikaketi. Nikauliza mvua. Nikanywa uji. Nikaambiwa habari ya kuku wote. Karatasi ikatoka mwisho.

Akaisoma mara mbili. "Kirwa?" akasema. "Baba Chepkoech?"

"Ndiye."

"Hapana. Si huyo."

"Mama, ilipatikana kwa ghala lake. Ile ya msalaba."

Akaweka shati chini. "Yeye amesema nini?"

"Hajasema kitu. Kila mwezi anaulizwa, anajibu neno moja tu. Ati mashine ipakwe mafuta."

Nilidhani atacheka kama sisi wote. Hakucheka. Akashika shavu.

"Mke wake nilimfundisha kushona kwa hiyo mashine," akasema. "Kirwa alikuwa anakuja kumchukua, anasimama mlangoni. Nilikuwa namwambia, Baba Chepkoech, hii ni kama ng'ombe wako, usipoihudumia haikupi kitu. Mafuta kila siku ya soko, na uizungushe hata kama hushoni. Alikuwa ananicheka." Akaokota shati. "Siku ile tulikimbia na nguo tu. Kumbe alienda kuitoa kabla nyumba haijachomwa."

"Sasa kwa nini asiseme? Mimi ningesema siku ya kwanza, niende nyumbani."

Alinitazama vile Mzee Barasa alinitazama kwa ile karatasi, lakini bila furaha. "Wewe si mtu wa faili? Fikiria. Akisema aliitoa kabla ya moto, swali la pili ni gani?"

Nikafikiria. Swali la pili ni: kina nani walikuja na moto.

"Ni watu wa kwao," akasema. "Pengine mmoja anakula kwake. Akiwataja, hana kijiji. Akikataa kuwataja, mtasema anaficha. Kwa hivyo amechagua aitwe mwizi."

"Na wewe, hutaki kujua ni nani?"

"Mimi sijauliza," akasema. "Na wewe usiulize."

Nilikuwa nimekaa miaka mingi nikijisifu kwamba nimesoma kila aina ya kunyamaza iliyo katika faili. Hiyo sikuwa nimeisoma. Nawaambia kama ilivyo: nilishangaa.

Akaanza kukunja shati. "Nitakuja. Lakini niambie kitu kimoja. Mashine iko sawa? Hapa nashona kwa mkono, sare moja siku tatu. Hiyo mashine ikirudi ni karo ya watoto wawili."

Hapa ndipo nilipojifunga mwenyewe, na sio fundo la kuvuta. "Mama," nikasema, "iko mikononi mwa serikali. Nimeifunga mimi. Utaikuta nzuri kuliko vile uliiacha."

Niliporudi nikamweleza Madam Adhiambo. Aliacha kalamu. "Nimekutuma upeleke samansi," akasema, "umerudi na hukumu." Lakini usiku huo alisoma ile faili upya, na siku ya kesi Mama Kamau alipofika, alikaa naye ofisini mlango umefungwa. Walipotoka Madam alikuwa anapangusa miwani.

Kortini Mama Kamau aliulizwa swali moja na akajibu moja. Mashine ni yangu. Huyu aliniwekea. Madam akasimama akaomba kuondoa mashtaka. Hakimu akamtazama mshtakiwa, akauliza kama ana la kusema. Mzee Kirwa akasimama na kofia yake.

"Imepakwa?"

Hakuna aliyecheka. Hakimu akaamuru kielelezo kirudishwe kwa mwenyewe, hapo hapo.

Nilikuwa nimeibeba mwenyewe tangu asubuhi, nikiwa nimevaa tai. Nikaiweka mezani. Nikavuta kamba, ikafunguka kwa mvuto mmoja, kama nilivyofundishwa. Nikatoa nailoni ya kwanza, ya pili. Ya tatu ilikuwa na maji kwa ndani, yale matone madogo kama ya kifuniko cha sufuria. Miezi kumi na minne ya baridi ya Eldoret ilikuwa imefungiwa humo pamoja na chuma nilichokiosha mafuta yote. Cherehani ilikuwa na rangi ya matope ya Yamumbi. Mama Kamau alishika gurudumu kwa kidole kimoja. Halikwenda. Akalishika kwa mkono mzima. Halikwenda.

Ni Mzee Kirwa aliyesema, tena kwa sauti ndogo, ananiambia mimi peke yangu kama mtu anayeuliza njia. "Miaka minne ilikuwa inazunguka."

Nimefokewa na mawakili, na hakimu mmoja aliwahi kunirushia faili. Hakuna lililoniingia kama hilo.

Ningeweza kuandika memo. Mnajua memo inavyokwenda, na Mama Kamau alikuwa na gari la saa tisa. Nilivua tai, nikaifunga cherehani kwa gunia la katani ambalo Mzee Kirwa alikuwa amekuja nalo, maana yeye alijua atalihitaji, tukaenda sote watatu kwa fundi karibu na soko. Fundi alinusa sabuni. Akauliza ni mpumbavu gani aliosha cherehani. Wale wawili wakatazama upande mwingine, na mpaka leo nawashukuru. Nikasema ni mimi.

Tulikaa kwenye mabenchi yake mpaka saa nane na nusu. Mama Kamau na Mzee Kirwa waliongea habari za mvua, na za Chepkoech ambaye sasa anashona Kapsabet, na za mahindi yaliyooza. Habari ya moto haikutajwa. Nilitega sikio muda wote, ugonjwa wangu mnaujua, na haikutajwa. Gurudumu lilipozunguka, Mzee Kirwa alivaa kofia yake na kuondoka kabla hajashukuriwa. Mama Kamau akanipa kopo dogo la mafuta nililonunua hapo kwa fundi, limebaki nusu. "Hili liweke kazini," akasema.

Kwa hivyo vijana, lile kopo mnaloliona rafu ya tatu na mmekuwa mkiuliza ni la nini, ni la hiyo kazi. Kitu cha chuma kikiletwa, mwambieni wakili aombe korti ruhusa ya kukitunza, kipigwe picha, kipakwe, kifungwe kwa katani. Hakimu akisema ombi halijulikani kisheria, mwambieni aulize nani alikuwa Mzee Mafuta.

Na kwa kuwa mmesikia ati nililipa elfu kumi, hesabu ni hii, nililipa mwenyewe na risiti ninayo. Fundi, elfu moja mia mbili. Kile kichuma cha kubeba uzi wa chini, mia sita hamsini. Mpira mdogo wa kuzungushia uzi, themanini. Sindano, sitini. Mafuta ya taa ya kulegeza kutu, mia moja. Pikipiki ya kutoka kortini na ya kumpeleka Mama Kamau steji ya magari, mia tatu. Kopo la mafuta ya cherehani, hamsini. Jumla, shilingi elfu mbili mia nne na arobaini.